Kiu ya Mama Mdogo Bertha

Asubuhi za Juni kijijini kwao, juu huko Ufipa, baridi haina utani. Coleta alikuwa akiwasha moto kabla ya kwenda shule, naye Mama Mdogo Bertha alikuwa tayari anakunywa kikombe kingine cha maji baridi. Bibi alipomwona, alimnyang'anya kikombe.

"Nani mwenye akili timamu anakunywa maji hivi kwenye baridi hii? Maradhi yamerudi!" Akabeba ndoo ya maji, akaifungia chumbani kwake.

Mama Mdogo Bertha aliwahi kuugua akili. Kuna wakati alisikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia, lakini dawa za zahanati zilimtuliza, akawa analima na kucheka kama zamani. Sasa alikuwa amekonda, usiku anaamka mara kwa mara kwenda chooni, na mguuni alipojikata kwa jembe kidonda kimegoma kupona. Kwa yote hayo Bibi alikuwa na jibu moja tu: wazimu.

"Coleta, nina kiu kweli," mama mdogo alinong'ona. "Wewe unaniamini?"

Coleta alimwamini, tena alimwonea huruma mpaka machozi yakamlengalenga. Basi kila akitoka shule alimpelekea togwa ya ulezi nyuma ya nyumba, ameikoleza sukari haswa. Bibi akiuliza togwa inaishia wapi, Coleta anajibu kwamba ameinywa yeye. Huruma ilikuwa njema, uongo ndio haukuwa mwema, na kiu ya mama mdogo ikazidi.

Siku ya kliniki ya afya ya akili ilipofika, wote watatu walikwenda zahanati. Njiani Bibi alionya, "Nitasema mimi. Mtoto hadandii maneno ya wakubwa."

Daktari Tusajigwe, mama mpole aliyehamia kutoka Mbeya, aliwapokea. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Daktari, huyu mwongezee dawa. Anakunywa maji kama ng'ombe."

Daktari akamgeukia mgonjwa mwenyewe. "Dada Bertha, unajisikiaje?"

Mama mdogo aliinamisha kichwa. Alikwishachoka kutoaminiwa. "Sijambo," alisema.

Coleta alipima moyoni. Akinyamaza, mama mdogo ataongezewa dawa asiyoihitaji, na kinachomkondesha kitaendelea kummaliza. Akisema, Bibi atajua kwamba amedanganywa.

"Samahani, daktari," alisema. "Usiku anaamka kukojoa kila mara. Mguuni ana kidonda, hakiponi. Na mimi humpa togwa yenye sukari kwa siri, kwa sababu ana kiu."

Bibi alimtolea macho. Daktari alitikisa kichwa kukubali.

"Umefanya vizuri kusema. Zamani kwenye kliniki hii tuliuliza habari za usingizi na sauti tu, magonjwa mengine yakatupita. Siku hizi kila anayekuja tunampima na mwili, humu humu."

Akamtoboa mama mdogo kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Sukari ilikuwa imepanda sana.

"Ni kisukari," daktari alisema. "Kiu yake ni ya kweli. Mwacheni anywe maji, ila togwa ya sukari basi, ndiyo inayomzidishia kiu. Dawa za akili aendelee nazo kama kawaida. Matibabu ya sukari tunaanza leo, hapa hapa, bila kwenda kupanga foleni nyingine Sumbawanga mjini."

Mama mdogo alianza kulia. Coleta alidhani ni huzuni, kumbe ni faraja. "Nilisema," alirudia huku muuguzi akimsafisha kidonda. "Nilisema nina kiu."

Hadi shule zinafunguliwa baada ya likizo, kidonda kilikuwa kimefunga, na mama mdogo alikuwa akilala usiku kucha. Jioni moja Bibi alimwita Coleta jikoni. Coleta alijua sasa ataulizwa kuhusu ule uongo wa togwa.

"Kunidanganya ulikosea, usirudie," Bibi alisema. "Lakini ulisema kweli pale ilipohitajika, ukamwokoa. Mimi mkubwa nilikosea zaidi. Mwanangu aliniambia ana kiu, nikamjibu ni wazimu. Mjukuu wangu, aliyeugua akili huumwa pia sukari, jino, hata tumbo, kama mimi na wewe. Akisema anaumwa, tumsikilize, tumpeleke akapimwe."

Kisha Bibi akajifunga khanga vizuri, akatoka uani alikokuwa Mama Mdogo Bertha, akamwomba radhi mbele ya watu wote wa nyumbani.