Mshono Uliopumua

Povu likivimba hupasuka, hilo halihitaji shule. Lakini lile aliloliona Khizar Hayat chini ya kioo, mchana mmoja wenzake walipokuwa wamekwenda kula, lilivimba taratibu, likanywea, likavimba tena, kama kifua cha mtu aliyelala.

Alikuwa ndani ya jengo la kinu cha nyuklia kilichokuwa kikijengwa kando ya mto Sindhu. Kuta za zege zilikuwa zimevikwa mabamba ya chuma kwa ndani, ili siku mambo yakienda mrama, hewa yenye sumu isitoke ikawafikia watu wa mtoni. Kazi ya Khizar ilikuwa kupima mishono, pale mabamba hayo yalipochomelewa pamoja. Hupaka maji ya sabuni kwenye mshono, huweka juu yake kisanduku chenye kioo na mpira ukingoni, kisha huwasha pampu inyonye hewa iliyomo. Mshono mzima hutulia tu. Wenye tundu, hata liwe dogo kama ncha ya sindano, hutoa povu, kwa sababu hewa iliyojificha nyuma ya chuma huvutwa ikapita.

Alifuta, akapaka upya, akawasha. Povu likapumua vilevile. Na kwenye mdomo wa pampu, pale inapotema hewa iliyoinyonya, kukawa na harufu ya mafuta ya haradali.

Bakhtawar, mkewe, alipaka mafuta hayo nywele zake kila asubuhi mpaka alipofariki, msimu wa kuvuna ngano uliopita.

Mtu mwenye akili zake angeacha vitu pale akatoka mbio. Khizar alipiga magoti akainusa ile hewa mpaka pampu ikapata moto. Simcheki. Nyumba yake ilikuwa tupu, chai alikunywa peke yake, na binti yake Sidra, aliyeolewa Faisalabad, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume ambaye babu hajampakata. Sidra alimpigia simu kila jioni: baba njoo tuishi wote. Naye akajibu kila jioni kwamba kazi haijaisha.

Tufail mchomeleaji aliporudi alimkuta bado kapiga magoti.

"Ami, huo mshono wangu una kasoro?"

"Hauna," alisema Khizar, na huo ukawa uongo wake wa kwanza kazini.

"Basi inuka, utaota mizizi. Au leo chuma kimekuitikia salamu?"

Huo ulikuwa utani wao wa siku zote. Kwao, mtu akiingia mahali patupu hujisalimia yeye mwenyewe na waja wema, kisha hupita. Tangu afiwe, Khizar alikuwa ameibadili. Akifungua mlango wa nyumbani alisema, "Assalaam alaikum, Bakhtawar." Mazoea yakamfuata kazini, akawa kila asubuhi anapoingia kwenye kuba la chuma la kile kinu anatoa salamu hiyohiyo, kwa jina hilohilo, na mwangwi unazunguka kuta.

"Mama yangu angekuzaba kibao," Tufail alisema, safari hii bila kucheka. "Mahali patupu hupaiti jina la mtu, ami. Ukiita, ataitika yeyote aliye karibu."

Khizar hakumsikiliza. Siku zilizofuata alijifanya hana hamu ya kula, na wenzake wakishatoka alirudi kwenye ule mshono ambao hakuutia alama ya kasoro, akaweka kisanduku, akawasha pampu, akaketi kama mtu aliyekaribishwa kwake. Harufu ya haradali ikaja na harufu ya mkate unaotoka tanurini. Kisha kukaja kuguna kwa mwanamke akandaye unga. Kisha, mchana wa Alhamisi, taa zilipofifia zote kwa pamoja na baridi ikapanda kutoka sakafuni ingawa nje jua lilikuwa linachoma, povu likavimba likajaza kioo kizima, na kutoka kwenye mdomo wa pampu sauti ya Bakhtawar, ileile, yenye mkwaruzo wa mtu aliyetoka kuamka, ikasema:

"Khizar. Mkate utapoa."

Machozi yalikuwa yameshamjaa alipohisi nywele za shingo zinamsimama, maana katika maisha yao yote Bakhtawar hakuwahi kumtaja jina. Mke wa kwao hamwiti mumewe jina, hata akiungua moto hamwiti jina. Na sasa sauti ile ilikuwa ikilirudia, Khizar, Khizar, kama walivyolitaja mafundi wakigombana juu ya ngazi, kama alivyolitaja msimamizi akigawa zamu, jina lililookotwa kidogo kidogo na kitu kilichokaa nyuma ya chuma kikisikiliza.

"Wewe si yeye," alinong'ona, meno yakigongana. "Yeye aliniita Baba Sidra. Hakuniita vingine."

Povu likanywea. Sauti ikanyamaza, kama mtu anayeweka jambo moyoni.

Khizar alitoa chaki nyekundu akauzungushia mshono duara. Tufail aliiona alama, akaelewa. Aliusaga mshono wote, akachomelea upya huku akisoma Ayatul Kursi chini ya kinyago, kisha wakapima pamoja. Maji ya sabuni yalitulia chini ya kioo.

"Umekwisha," Tufail alisema kwa sauti ya chini. "Tumemfungia nje."

"Ndiyo," alisema Khizar, na moyo ukamuuma kama siku ya mazishi. Lakini alikuwa amekata shauri. Angempigia Sidra jioni hiyohiyo, amwambie anahamia kwake.

Alifika nyumbani jua bado liko juu. Mlangoni aliuma mdomo, akaingia bila salamu. Akavua viatu. Ndipo akili yake ya kazi ikamwambia jambo ambalo lingepaswa kumjia mapema: siku zote zile pampu ilikuwa ikinyonya cha nyuma ya ukuta na kukitema upande wake yeye.

Harufu ya haradali ilikuwa imejaa ukumbi. Jikoni kiganja kilipiga unga.

"Baba Sidra," sauti ikasema, kwa upole kabisa. "Leo husalimii?"

Simu ikalia mfukoni mwake, akaipokea.

"Baba, nimechoka kukubembeleza," Sidra alisema akicheka. "Kesho tunakuja kukuchukua. Nakuletea mjukuu, umpakate mwenyewe."

Upigaji unga ukakoma. Nyayo zilizolowa maji zikaja mpaka kwenye pazia la jikoni, zikasimama.

"Mwambie aje," pazia likanong'ona. "Mwambie amlete mtoto."

Khizar alimsikia mjukuu wake akitoa visauti vya kitoto kwenye simu, karibu sana. Alitaka kusema yote. Lakini alimjua binti yake: angesema ana hofu, Sidra angefika usiku huohuo.

"Usije," alisema.

"Baba?"

"Sikutaki hapa. Wewe wala mwanao. Nimezoea kukaa peke yangu."

Kikasikika kilio, kisha simu ikakatwa. Khizar aliizima, akaiweka chini. Pazia lilikuwa likivimba taratibu na kunywea. Akaketi mkekani, mahali pake pa siku zote, na mkono ambao hakuutazama ukamwekea sahani mbele yake.