Nyumba Iliyopimwa na Muuzaji

Ndugu zangu, tulieni niwaeleze. Haya hayakutokea mbali, yametokea kwa watu tunaowaazima sindano.

Asubuhi moja fundi cherehani alikuwa kibarazani akishona na kupiga mluzi. Mkewe alitia vifungo. Mama yake fundi, aliyekuja kuwasalimu, alikuwa mlangoni mwa chumba chao kimoja, akiwatania.

"Mwanangu, mimi nitalala sebuleni kwa watu mpaka lini?"

"Mwaka huu unahamia kwetu, mama. Chumba chako mwenyewe, na ufunguo wako."

Hakuwa anatania. Fundi alikuwa mtoto wa pekee, na roho ilimuuma kujua mama yake analala kwenye kochi la jamaa, akisubiri wageni waondoke ndipo ajinyooshe.

Sasa, fundi huyu alikuwa na msimamo wake. Hakati kitambaa kwa vipimo vya kuletewa. Hata ungekuja navyo umeviandika vizuri, angeviweka pembeni na kushusha futi kamba yake shingoni. "Simama wima, bosi. Naamini mkono wangu."

Basi akaja mteja wake wa miaka mingi, tuliyemwita Mzee Suti. Anauza nyumba ya vyumba vitatu. Wakaenda kuiona, kuta zinanukia rangi mpya. Mthamini alikuwepo tayari, kaletwa na Mzee Suti, na ripoti yake ina mhuri: nyumba inastahili bei aliyoitaja mzee, tena muuzaji anajipunja.

Waliporudi, mke akasema, "Mume wangu, tutafute mthamini wetu, asiyemjua yule mzee. Tumlipe sisi."

"Nitamtazamaje usoni? Suti zake zote nimeshona mimi! Ataona namwita mwongo."

"Mbona wateja ukiwapima upya huoni haya?"

Fundi akajifanya anatafuta mkasi. Jamani, swali lile lingemwokoa!

Wakauza kiwanja chao, wakauza cherehani moja, wakakopa, wakainunua nyumba. Mama akahamia. Siku ya kwanza alifunga na kufungua mlango wake mara kadhaa, anacheka peke yake.

Mvua zilipoanza, sakafu ya chumba cha mama ikatoa maji kwa chini. Rangi ikavimba, ikabanduka, na nyuma ya kabati ukajitokeza ufa wa kuingiza vidole. Mama akaanza kukohoa. Wakambadilishia chumba, unyevu ukamfuata. Daktari hakumung'unya maneno: "Mama huyu akiendelea kulala humo, mtampoteza."

Ndipo wakamwita mthamini wao, mwanamama asiye na makuu. Aligonga kuta, akazunguka nje, akauliza majirani. Aliporudi alivua miwani.

"Hapa palikuwa na dimbwi, likafukiwa. Nyumba haifiki nusu ya mlicholipa. Mngeniita kabla, ningewaambia msinunue."

Fundi alikwenda mbio kwa Mzee Suti. Alimkuta amevaa koti alilomshonea yeye.

"Mzee, umenimaliza!"

"Nimekumaliza vipi? Ulisoma, ukaridhika, ukatia sahihi."

"Na yule mthamini wako?"

"Ni mpwa wangu. Wewe uliniuliza?"

Fundi alirudi nyumbani. Kuuza hawawezi, atanunua nani? Deni liko palepale. Kupanga mahali pengine hawana uwezo. Wao wakabaki mle ndani na unyevu wao, mama akafungasha kurudi kwenye lile kochi.

"Usilie, mwanangu," alisema mlangoni. "Ulinitakia mema." Akamwekea ufunguo kiganjani. Fundi alitamani angetukanwa.

Juzi kijana mmoja alimletea vipimo vya suruali kwenye karatasi. Fundi akashusha futi kamba kama kawaida yake. "Simama wima, bosi. Naamini..." Akageukia kiuno cha kijana, akapima. Mkewe aliinamia vifungo vyake.

FUNZO

Wapendwa, mthamini aliyeletwa na muuzaji ni mtu wa muuzaji, hata awe na mhuri. Kabla ya kununua nyumba, tafuta mthamini wako mwenyewe, asiye na undugu wala urafiki na anayeuza, umlipe wewe, akueleze wewe. Usione haya. Muuzaji mkweli atamfungulia mlango na kumkaribisha. Atakayenuna, mwachie nyumba yake. Aibu ya fundi ingekuwa ya kitambo kidogo tu, lakini mama yake mpaka leo anasubiri wageni waondoke ndipo alale.