Maandishi ya Penseli Chini ya Picha

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufagia na kuosha vyombo, binti wa fundi cherehani alipitisha kitambaa kwenye kila kitu: meza, redio, hata miguu ya viti. Ndiyo maana kaka yake alimwita Bi Usafi.

Jumamosi hiyo palikuwa na kitu kipya mezani. Mama alikuwa amenunua picha ya kutundika sebuleni, mikono ya mwanamke ikitunga uzi kwenye sindano. Msanii alikuwa ameichonga kwenye ubao, kisha akaichapa kwa wino kwenye karatasi nzito. Mama aliitamani mwaka mzima. Mchana wangeipeleka kwa fundi fremu.

Bi Usafi aliinama kuitazama. Chini ya picha, kwenye ukingo mweupe, kulikuwa na tarakimu za penseli na mkwaruzo kama wa mtoto mdogo. "Nani kaichafua?" alijiuliza. Akachukua ufutio, akafuta taratibu mpaka pakawa peupe.

Mchana, fundi fremu alivaa glavu, akaishika karatasi kwa kingo zake. Kisha akakunja uso.

"Mama, sahihi ya msanii iko wapi? Na namba ya nakala? Picha kama hii husainiwa kwa penseli. Bila hivyo, watasema ni ya kuiga."

Mama aliinama kuutazama ukingo mtupu. "Kumbe yule muuza picha kanidanganya. Na nilivyomwamini! Twende, mwanangu. Atanieleza mbele ya wateja wake."

Bi Usafi alijua kosa ni lake. Akinyamaza, muuza picha ataitwa tapeli. Akisema, je, mama atamtazama tena kwa jicho lile lile? Mama alikwisha kufika mlangoni. Ee Mungu, aliomba kimoyomoyo, nifungue kinywa.

"Mama, si yeye. Ni mimi. Niliyafuta maandishi ya penseli asubuhi, nikidhani ni uchafu."

Mama alirudi, akakaa kwenye kigoda.

"Waliomwagia picha chai nimewaona wengi," fundi alisema. "Wa ufutio ni wewe wa kwanza." Akaiinamisha karatasi chini ya taa. "Njoo uone. Penseli imeondoka, lakini ilipokandamiza pamebonyea."

Wakasoma pamoja: nakala ya kumi na mbili kati ya arobaini. Fundi akampigia simu msanii. Alipofika na daftari lake la nakala, alilinganisha namba, akasaini upya palepale.

Jioni picha ilikuwa ukutani, ndani ya fremu yenye kioo. Bi Usafi alishika kitambaa, akasita.

"Mama, nifute kioo?"

Mama alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kioo futa. Lakini nisikilize, mwanangu. Usichokijua, uliza kabla hujakigusa. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema leo. Ungechelewa hatua chache tu, ningemvunjia heshima mtu asiye na kosa. Hilo hakuna msanii wa kulisaini upya."