Mgeni Ndani ya Furushi

Sauti moja ilizidi kwenye furushi. Fundi wa programu hakuogopa, alikasirika. Mteja alikuwa akiisubiri jioni hiyo programu yake ya nyimbo za kubembeleza watoto, na chombo cha kufungashia, kinachokusanya mafaili ya sauti kuwa furushi moja, kilikuwa kimeokota faili ambalo hakuna aliyeliomba.

Alifanyia kazi sebuleni, kwenye meza ya chakula. Mama mkwe wake alikuwa kochini, miguu yake inayouma juu ya kigoda. Chumba cha pili alilala mwanawe, Bosi. Bosi alikuwa na miezi saba na hakujua neno hata moja, ila nyumba nzima ilimtumikia, kwa hiyo jina alilipata kihalali.

Mlango ukagongwa.

"Pita tu, yeyote uliye," mama mkwe akaitikia bila kuinuka, kama kawaida yake.

Hakuingia mtu. Mama mkwe akasema ni watoto wa jirani na michezo yao.

Fundi akalifungua lile faili. Ilikuwa rekodi ya jana mchana, ya kinasa sauti kilichokaa kando ya kitanda cha Bosi. Bosi alikuwa akicheka, kile kicheko chake cha kutekenywa. Kisha mwingine akacheka naye, kwa sauti nzito, polepole, kama anayejifunza.

"Mama, nani aliingia kwa Bosi jana mchana?"

"Aingie nani? Si nilikuwa hapa hapa."

"Hebu sikiliza."

Mama mkwe akasikiliza, akashika kifua. "Zima, mwanangu. Zima hicho kitu."

Mwingine angetimua mbio. Lakini fundi ni fundi: alitaka kwanza kujua lile faili limepitia wapi. Amri yake ilikuwa nyepesi: chukua kila faili linaloanza na "bembea", kisha nukta, kisha nyota, yaani chochote kinachofuata. Rekodi za chumbani, zilizokaa folda moja na nyimbo, zilikuwa na kistari mahali pa nukta, basi zilipaswa kubaki nje. Akaupekua msimbo wa kile chombo, yaani maandishi yanayokiendesha, mstari kwa mstari. Kumbe chombo huigeuza amri kuwa lugha nyingine ya kompyuta, na katika lugha hiyo nukta isiyotanguliwa na kimstari cha mshazari cha kuilinda husomwa "alama yoyote ile". Aliyekiandika aliishughulikia nyota, nukta akaisahau. Ni kama mlinzi aliyeambiwa amruhusu mwenye kofia, naye akamruhusu kila mwenye kichwa.

Akaongeza kimstari hicho, akafungasha upya. Sauti ya ziada haikuwemo tena, na fundi akashusha pumzi.

Pumzi hiyo ndiyo iliyomletea harufu ya nywele zinazoungua, ikitoka chumbani kwa Bosi, ikizidi kila alivyousogelea mlango, na alipousukuma alimkuta mtoto macho makavu, anaitazama kona ya dari ambako hapakuwa na kitu, anaitabasamia kama mtu anayemjua, akamnyakua bila kuangalia juu wala nyuma na kurudi naye sebuleni.

"Mama," alinong'ona, "mlango ukigongwa huwa unasema nini?"

"Nasema pita tu, yeyote..." Mama mkwe hakumaliza. Wakatazamana.

"Kuanzia leo tuulize jina kwanza. Asiyejitaja asiingie."

"Nimesikia, mwanangu. Nimekoma."

Mlango ukagongwa.

Mama mkwe akaziba mdomo wake kwa mikono yote miwili. Fundi akamkumbatia Bosi kwa nguvu. Alikuwa amekwisha kuiona kasoro na kuirekebisha, na alijiambia kwamba kilichobaki ni kuuliza tu.

"Nani?"

Akasogea hatua moja mlangoni.

"Nimeuliza, ni nani?"

Hakuna aliyejitaja. Lakini begani mwake alihisi kifua kidogo cha Bosi kikijaa pumzi, kikijaa kupita kiasi cha kifua cha mtoto, kisha sikioni mwake, kwa sauti ile nzito ya kwenye rekodi, isiyojifunza tena, mwanawe akasema:

"Pita tu, yeyote uliye."