Transfoma Aliyoichagua Orvin

Verna alikuwa akimimina kahawa mlango ulipogongwa. Nje alisimama mwanamke mzee asiyemjua, amekumbatia transfoma kama mtoto.

"Naitwa Myrtle. Nauza mabaki ya vifaa kwenye gulio la mafundi redio. Marehemu mumeo alichagua hii, akasema atarudi. Nimeileta."

Meza ya Orvin ilikuwa vilevile alivyoiacha: koleo, miwani, kikombe. Redio aliyoiunda mwenyewe ilikuwa kimya, transfoma yake imeungua. Kesho Jumamosi, saa mbili asubuhi, wenzake wa redio wangesoma hewani majina ya waliofariki. Verna alitaka kulisikia jina la mumewe kwenye redio hiyohiyo.

"Nilikuahidi, Mama," alisema mwanawe, Dale. "Kesho itaongea."

Redio ilitaka volti kumi na mbili. Transfoma ya Myrtle ilitoa umeme kwa koili mbili za waya, kila moja volti sita. Dale akaziunganisha, akachomeka ukutani, akapima. Mita ilisoma sifuri.

"Bibi, umetuletea jiwe!"

"Jiwe unalo juu ya shingo," Myrtle akacheka. "Chomoa kwanza! Sasa sikia. Watu wawili wakivuta mashua upande mmoja, nguvu zinajumlishwa. Wakivutana, haiendi. Koili zako zinavutana. Geuza ncha za moja."

"Basi?"

"Basi. Na transfoma usiyoijua usiichomeke moja kwa moja. Pitisha umeme kwenye balbu ya zamani, ile ya waya unaowaka. Kukiwa na kosa, balbu itawaka sana, transfoma itapona."

Dale akageuza ncha, akaweka balbu. Iliwaka kidogo, ikafifia. Mita ikasoma kumi na mbili.

"Orvin naye alianza na sifuri," Myrtle alisema taratibu.

Kazi ya kulehemu transfoma redioni ilibaki. Alfajiri honi ililia nje. Ilikuwa siku ya kufunguliwa msimu wa uvuvi ziwani. Tangu utotoni, alipokuwa akipelekwa na baba yake, Dale hakuwahi kuikosa.

"Wewe, samaki hawangoji!" rafiki yake alipiga kelele.

Dale aliitazama mashua nyuma ya gari. "Nendeni. Na msinitumie picha!"

Saa mbili kamili redio ilikoroma, kisha sauti ikatoka: "Orvin Lindquist."

Verna alijaza kahawa kwenye kikombe cha Orvin, akamsogezea Dale.