Salimia Kwanza, Mpaka Ng'ombe

"Mweupe!" Milembe alifoka peke yake, mkasi mkononi. "Mtulivu! Kumbe mimi nina mwenzangu, ana mchepuko huyu!"

Onesphory, mchumba wake, alikuwa ameisahau simu juu ya cherehani. Meseji iliingia, ikajianika yenyewe kwenye kioo:

*"Kaka, yule mweupe nimekuwekea huku Lalago. Mtulivu, umbo safi, bado hajazaa. Wahi Ijumaa, kuna mwingine anamtaka. Milembe asijue kwanza. Joakim."*

Jamani, wewe ungefanyaje? Milembe hasira zilimpanda mpaka masikio yakapata moto. Akalivuta shati la kitenge alilokuwa akimshonea bwana huyo, la kuvaa Jumapili siku ya kupeleka mahari, mkasi ukafunguka juu ya kola.

"Mama! Umemsalimia?"

Alikuwa Nyanjige mlangoni, bintiye wa miaka saba, aliyesikia kila neno na aliyerithi hasira za mama yake bila kupunguziwa. Asubuhi ile ile alikuwa amemtupia mtoto wa jirani kandambili, na Milembe akamshika mkono akampeleka kusalimia. Ndiyo sheria ya nyumba ile: ukimkasirikia mtu, msalimie kwanza, salamu nzima ya Kisukuma, ya nyumbani, ya shambani, mpaka ya ng'ombe. Ukimaliza, gombana, kama bado unaweza.

"Haya ni ya wakubwa, Nyanjige."

"Asubuhi hukusema ni ya watoto tu."

Mkasi ukashuka. Mtoto kasema kweli, na Milembe alikuwa na lingine la kuogopa. Mwezi uliopita alimfukuza Onesphory mbele ya wateja, kisa kachelewa. Mwanaume yule mpole wa Rombo, afisa kilimo aliyehamishiwa Bariadi, alimwambia taratibu: "Nakupenda, Milembe. Lakini ukinifukuza tena hivi, sitarudi." Na Milembe alimpenda, jamani, alimpenda kweli kweli.

Pikipiki ikasimama nje.

"Nimesahau simu," Onesphory aliingia akicheka. Akauona mkasi, akauona na uso. Kicheko kikaisha.

Milembe akamgeukia. "Mwadila," alimsalimia, meno yamebanana.

"Mwadila, mayu."

"Mhola?"

"Mhola duhu." Salama tu, kwa Kisukuma chenye lafudhi ya Rombo, kama siku zote.

"Nyumbani?"

"Hawajambo."

"Pamba?"

"Imestawi."

"Na ng'ombe?"

Onesphory akashtuka. "Ng'ombe? Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Si yule mtamba mweupe wa mahari! Joakim huyu na mdomo wake! Nilitaka mje mmwone Jumapili tu, wewe na mzee Ndaki, baba yako aseme kumbe Mchaga naye anajua ng'ombe."

Milembe aliitazama simu. Akalitazama shati. Akakaa kitako sakafuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alipomwonyesha meseji, Onesphory naye akashika mbavu.

"Usingenisalimia ingekuwaje?"

"Ningelikata shati, halafu nikufukuze."

"Nami ningeondoka."

"Najua." Milembe akafuta macho. "Nilikuwa naogopa, Ones. Nikiogopa, nafoka."

"Basi uwe unaniambia unaogopa. Hata kwa kufoka, sawa. Ila baada ya ng'ombe."

Jumapili, mtamba mweupe aliongoza kundi kuingia uani kwa mzee Ndaki, wanawake wakapiga vigelegele. Onesphory alisimama ndani ya shati lake, kola nzima kabisa. Mzee alimzunguka yule mtamba, akampapasa mgongo, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mkwe, huyu umechagua. Anaitwa nani?"

Kabla Onesphory hajafungua mdomo, Nyanjige akadakia: "Mchepuko!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Milembe akamgeukia binti yake, macho yamemtoka, kidole kimeshanyooka.

"Mwadila, mama," Nyanjige aliwahi, akirudi nyuma taratibu. "Nyumbani hawajambo? Na ng'ombe?"