Ufa Chini ya Stika

Kila Jumamosi asubuhi Syokau na mama yake walishusha betri ya pikipiki pamoja, mmoja huku na mwingine kule, kutoka chumba chao cha ghorofani Kangemi. Betri ililala ndani ya nyumba, maana ikilala nje, asubuhi huikuti.

Mama yake, Stellah, alikuwa mwendeshaji wa bodaboda. Serikali ilipopunguza kodi ya pikipiki za umeme, aliuza ile ya petroli akanunua hii. Vituo vya kubadilishia betri navyo vilianza kufunguliwa. Cha Dagoretti Corner kilikuwa dukani kwa Bharat, baba yake Komal, rafiki wa Syokau. Siku ya uzinduzi afisa wa serikali alikata utepe, akahutubia watu mpaka wakachoka, kisha akagawa stika za kijani zilizoandikwa "Umeme Safi".

Jumamosi moja mama alikuwa bado anafunga viatu. Syokau, mwenye miaka kumi na miwili na kiburi cha kutosha watu wawili, akaibeba betri peke yake. Kwenye kona ya ngazi ilimponyoka, ikabiringika hadi chini. Ubavuni palikuwa na ufa mwembamba.

"Nini hiyo imeanguka?" mama aliita kutoka juu.

"Ni ndoo ya jirani!"

Syokau alijua kanuni ya kituo: betri ikianguka hukaguliwa, na pikipiki husimama mpaka ukaguzi uishe. Aliogopa kumkosesha mama kazi, na aliogopa kukaripiwa. Alitoa stika yake ya kijani kwenye mkoba akaibandika juu ya ufa.

Dukani, Bharat aliuliza swali ambalo aliwauliza waendeshaji wote kabla ya kupokea betri.

"Imeanguka? Imelowa maji?"

"Iko salama, Baba Komal," mama alijibu bila wasiwasi.

Syokau alitazama viatu vyake. Bharat aliisukuma betri ndani ya kabati la kuchajia, katikati ya nyingine nyingi, akampa mama iliyojaa. Mama akaenda kutafuta abiria. Syokau akabaki nyuma ya duka na Komal kufanya hesabu, kama ilivyokuwa desturi yao.

Meza yao iliegemea kabati lile. Feni zake zilivuma bila kukoma, na kila taa ilipopepesa Syokau alishtuka. Alisoma swali moja mara nyingi asilielewe. Kufikia adhuhuri, harufu tamu ya ajabu ilianza kuenea.

"Umepaka rangi ya kucha?" Komal aliuliza.

"Hapana."

"Sasa ni nini inanuka hivyo?" Komal aliegemeza kichwa kwenye kabati, akacheka. "Na leo hii kitu iko moto!"

Syokau alipoona kichwa cha rafiki yake kimegusa bati lile, aliruka kutoka kitini. Hakuogopa tena kukaripiwa. Aliogopa jambo baya zaidi.

"Komal, toka hapo! Anko, ile ya stika ilianguka! Ni mimi niliiangusha!"

Bharat hakuuliza mengi. Alizima swichi kuu, akawatoa watoto na wateja nje, akavaa glavu nene. Betri ilikuwa imevimba. Aliikimbiza hadi kwenye pipa la mchanga lililokuwa nje, na kabla hajamaliza kuifukia ilitoa moshi mweupe, kisha ikashika moto. Waendeshaji waliokuwa wakingoja abiria kwenye steji ya jirani walirudi nyuma. Komal alianza kulia.

Mama alirudi akakuta pipa bado linafuka. Alielezwa yote. Pikipiki yake ilisimamishwa hapo hapo hadi ikaguliwe.

"Pole, mama," Syokau alisema. "Niliogopa utakosa kazi."

"Kazi nitapata nyingine," mama alimjibu. "Komal tungempata wapi? Serikali imetupunguzia kodi, imetuletea vituo, lakini swali ya Baba Komal haiwezi kutujibia. Leo nimesema iko salama mbele ya watu, na nilikuwa nadanganya bila kujua. Kitu kikikuponyoka, mami, sema kikiwa bado chini."

Pikipiki iliporuhusiwa tena, betri ilishushwa na watu wawili. Bharat alipouliza swali lake, mama alimgeukia binti yake.

"Haijaanguka, Anko," Syokau alisema, akimtazama machoni.

Bharat aliipokea.